Kolekole wa kilo 47, boti ya futi 19 na safari ya Fungu Mbaraka

SWALI: Nina boti ya faiba ya futi 19 yenye mashine moja ya farasi 40, ambayo naiegesha Kigamboni. Mwezi wa Februari, nje ya Kimbiji, nilinasa kolekole mkubwa kuliko samaki yeyote niliyewahi kumvua kwa fimbo. Tulimpima ndani ya boti kwa mizani ya kuning'iniza ikasoma kilo 47. Kwa kamba, urefu wake ulikuwa sentimita 118 kutoka mdomoni hadi kwenye panda ya mkia, na mzunguko wa mwili mahali penye unene zaidi ulikuwa sentimita 88. Mshipi ulikuwa wa kusuka, umeandikwa ratili 80. Nilipigana naye mwenyewe, isipokuwa dakika chache ambapo mwenzangu alinishikia fimbo ili nijifunge mkanda. Rafiki zangu wanasema nimeipoteza rekodi ya dunia kwa kutojua pa kupeleka taarifa. Je, bado naweza kudai? Kama siwezi, niongeze vifaa gani ili msimu ujao wa kaskazi niende Fungu Mbaraka, kile kisiwa kidogo kilicho mbali baharini, kumtafuta mwingine?

JIBU: Ndugu yangu, hongera kwa samaki wako. Kolekole wa sentimita 118 si mchezo kwa fimbo ya mkononi, na ninaelewa kwa nini maneno ya rafiki zako yamekukosesha usingizi, kwa kuwa hakuna mvuvi anayependa kuambiwa kwamba jambo kubwa limempitia mikononi kwa ujinga wa karatasi tu. Nitakujibu wazi: rekodi hukuipoteza, kwa sababu haikuwapo ya kupoteza. Swali lako la pili linanisumbua zaidi kuliko la kwanza, kwa hiyo nitalipa nafasi kubwa kuliko ulivyotarajia.

Tuanze na uzito. Wavuvi wa michezo wana hesabu ya zamani ya kukadiria uzito wa samaki mwenye umbo la kolekole au jodari: unazidisha urefu kwa mzunguko, unazidisha tena kwa mzunguko huo huo, vyote kwa sentimita, kisha unagawanya kwa 29,000. Kwa vipimo vyako, 118 mara 88 mara 88 ni 913,792, na ukigawanya unapata kilo 31 na nusu. Haya ni makadirio, na samaki mnene au mwembamba anaweza kuyapita au kuyapungukia kwa kilo mbili tatu, lakini hayawezi kukosea kwa kilo 15. Kati ya kamba yako na mizani yako, mimi naiamini kamba.

Si kwamba mlidanganya. Mizani ya springi haijui uzito, inajua mvuto tu, na boti inapopandishwa na wimbi kila kilicho ndani yake huvuta chini kwa nguvu zaidi kuliko kikiwa kimetulia, kama vile mfuko wa unga unavyolemea mkono unapounyanyua kwa ghafla. Zaidi ya hapo, samaki akiachiwa ghafla kwenye ndoano ya mizani, mshale huchupa kupita uzito wake wa kweli, na kwa springi safi unaweza kufika karibu mara mbili yake kabla ya kurudi na kuanza kuchezacheza. Sasa fikiria watu watatu wenye furaha, samaki anapiga mkia, mshale unakwenda mbele na kurudi nyuma: ni namba gani itakayosomwa kwa sauti? Niliwahi kutangaza jodari wa kilo 60 kwa njia hiyo hiyo, na mizani ya ufukweni ikampa 44 mbele ya watu ambao tayari nilikuwa nimewapigia simu. Kwa sababu hiyo kanuni za rekodi hazikubali kabisa samaki aliyepimwa chomboni, hata bahari ikiwa shwari kama kioo.

Na hata kama zingekuwa kilo 47 kamili, rekodi ya dunia bado iko mbali. Shirika linalotunza rekodi hizi kimataifa ni IGFA, lililoanzishwa mwaka 1939 na lenye makao yake Dania Beach, Florida, nchini Marekani. Kwa kolekole huyu mkubwa, ambaye wanasayansi humwita Caranx ignobilis, samaki mzito kuliko wote katika vitabu vyao alivuliwa visiwa vya Tokara, mkoa wa Kagoshima nchini Japani, mwaka 2006, akiwa na kilo 72.8. Kwa samaki wa uzito huo, anayetaka kuivunja rekodi ni lazima aizidi kwa angalau nusu ya asilimia moja, yaani samaki wako alihitaji kupita kilo 73 na gramu mia na kitu. Ziko pia rekodi za daraja la mshipi, ambazo hutenganishwa kwa nguvu ya mshipi uliotumika, wanaume mbali na wanawake, na huko ndiko mvuvi wa kawaida hupata nafasi, kwa kuwa samaki wa wastani aliyeshindwa kwa mshipi mwembamba anaweza kuheshimiwa kuliko jitu lililovutwa kwa mshipi mnene.

Hapo ndipo dakika chache za mwenzako zinapoingia. Chini ya kanuni za IGFA, mvuvi anapaswa kumnasa samaki, kupigana naye na kumfikisha ubavuni mwa chombo bila mtu mwingine kugusa fimbo, rili wala mshipi. Msaidizi anaruhusiwa kushika lida tu, yaani ule uzi mnene wa mwisho ulio karibu na ndoana, samaki anapokuwa amefika. Fimbo ikigusishwa kwa mtu mwingine hata kwa kupokezana, dai limekufa. Fimbo ikivunjika vibaya katika pambano, vivyo hivyo. Wengi huona ukali huu ni wa kizungu na usio na maana, lakini fikiria: rekodi haisemi tu kwamba samaki wa ukubwa fulani yupo baharini, maana wavuvi wetu wa jarife hutoa samaki wakubwa kuliko wote hao na hakuna anayewaandika, bali inasema kwamba mtu mmoja, kwa mshipi wa nguvu inayojulikana, alimshinda samaki huyo peke yake. Ukiondoa neno "peke yake", hakuna kinachobaki cha kuandika. Dawa ya kosa lako ni rahisi mno: mkanda hufungwa kiunoni kabla chambo hakijagusa maji, si baada ya rili kuanza kulia.

Kuhusu mshipi, usitegemee maandishi ya kwenye kibandiko. Anayedai rekodi hupeleka lida yake yote pamoja na kipande cha mita 15 na zaidi kidogo cha mshipi wenyewe, na shirika hukilowesha na kukivuta mpaka kikatike. Mishipi mingi ya kusuka hukatikia juu ya kiwango kilichoandikwa, kwa sababu mtengenezaji anataka mteja aisifu, na ukikatikia juu ya daraja ulilodai unasukumwa daraja la juu, ambako huenda samaki wako hafui dafu. Ukizidi daraja la mwisho, la ratili 130 au kilo 60, huna dai lolote. Kama siku moja utalenga rekodi ya daraja, nunua mshipi uliotengenezwa na kuhakikishwa kwa ajili hiyo, hata kama ni ghali zaidi. Lida yako sijaijua urefu, lakini kwa mishipi iliyo juu ya ratili 20 lida isizidi mita 9.14, na wewe unayerusha chambo kwa mkono huwezi kuukaribia urefu huo.

Mengine ni ya utaratibu. Samaki hupimwa nchi kavu kwa mizani iliyokaguliwa na mamlaka inayotambulika ndani ya miezi 12 iliyopita, na hapa kwetu Tanzania Bara mamlaka hiyo ni Wakala wa Vipimo. Hupigwa picha akionekana mwili mzima, pamoja na mvuvi, fimbo, rili na mizani iliyotumika. Fomu kwa samaki aliyevuliwa nje ya Marekani inapaswa kufika ndani ya siku 90. Chukua pia picha ya karibu ya kifua, kwa sababu jina "kolekole" letu ni mwavuli wa ndugu wengi, na Caranx ignobilis hutambulika kwa kifua kisicho na magamba isipokuwa kibandiko kidogo mbele ya mapezi ya tumbo. Nimeona watu wakibishana hadi usiku kuhusu samaki mweusi na samaki mweupe wakidhani ni aina mbili, kumbe rangi ya huyu hubadilika, na mara nyingi dume huwa mweusi zaidi.

Kabla hatujaondoka kwenye rekodi, niruhusu nikupe njia mbili ambazo naziona bora kuliko kumfukuza jitu la Japani. Ya kwanza ni rekodi za urefu, ambazo IGFA ilizianzisha mwaka 2011: samaki hulazwa juu ya kipimo rasmi cha shirika, hupigwa picha, kisha huachiwa akiwa mzima. Kolekole mkubwa ni samaki anayechukua miaka mingi kufikia ukubwa huo, na wale wachache waliobaki kwenye miamba yetu ndio wazazi wa wengine wote, hivyo mimi binafsi sioni raha ya kumtundika mmoja kwa kamba ili nipate cheti. Ukichagua njia hiyo, bana vichembe vya ndoana kwa koleo, lowesha mikono na kipimo, mbebe kwa mikono miwili bila kumning'iniza kwa taya, na hesabu sekunde anazokuwa nje ya maji kana kwamba ni wewe uliyezamishwa. Njia ya pili ni samaki wadogo wa miambani. Aina nyingi za chewa, changu na wenzao zina rekodi nyepesi, kiwango cha chini cha kukubalika kikiwa ratili moja, yaani gramu 453, na mtu mwenye boti yako, mshipi mwembamba na subira anaweza kufanya kazi hiyo karibu na pwani bila kuyahatarisha maisha ya mtu. Ila hakikisha kwanza mahali unapovua hapako ndani ya hifadhi, maana visiwa kama Mbudya na Bongoyo ni maeneo tengefu, na uulizie leseni yako ofisi ya uvuvi ya wilaya.

Sasa Fungu Mbaraka. Nakuomba usiende huko na boti hiyo jinsi ilivyo. Ninajua kolekole wapo, ninajua maji yanavyoporomoka kilindini hatua chache kutoka kwenye mchanga ule, na ninajua kwamba utaonyeshwa picha za watu waliokwenda na boti ndogo kuliko yako wakarudi wakicheka. Waliokwenda wasirudi hawana picha.

Tupige hesabu pamoja. Kutoka Kigamboni ni zaidi ya kilomita 60 za bahari wazi. Ukienda kwa kilomita 22 kwa saa, mwendo ambao mashine ya farasi 40 inaweza kuumudu boti ikiwa na mzigo, ni karibu saa tatu. Tuseme mashine yako inakunywa lita 15 kwa saa: kanuni ya mabaharia ni theluthi moja ya mafuta ya kwenda, theluthi ya kurudi na theluthi ya akiba, kwa hiyo unahitaji lita 135 kabla hujarusha chambo hata mara moja. Hizo ni kilo 100 za petroli. Ongeza watu watatu, barafu, maji ya kunywa na vifaa, na boti ya futi 19 imeshakaa chini majini asubuhi, kabla ya upepo wa mchana kuanza. Hapo ndipo boti ndogo huponzwa na jambo ambalo wengi hawalifikirii: maji yaliyoingia sakafuni. Lita 50 zilizotulia katikati ni uzito tu, lakini boti ikilala upande mmoja maji yote hukimbilia upande huo huo na kuilaza zaidi. Na hebu jiulize watu watatu husimama wapi samaki mzito anapofika ubavuni na mmoja ameshika kulabu. Wote wako upande mmoja, wakiinama.

Halafu mashine moja. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima, ukiwa na nguvu zaidi wakati wa kusi kuliko wakati wa kaskazi, na mashine ikizima nje ya Fungu Mbaraka huwezi kutia nanga, kwa sababu kamba yako haifiki chini. Kwa mkondo wa kilomita tatu tu kwa saa, usiku mmoja wa saa 12 umekuhamisha kilomita 36 kutoka mahali ulipomwambia mkeo kwamba utakuwepo. Simu haitashika. Redio ya VHF husikika kadiri antena mbili zinavyoonana juu ya mviringo wa bahari: antena ya mita mbili kwenye boti yako na mlingoti wa mita 50 ufukweni hufikiana takriban kilomita 35, na wewe uko karibu mara mbili ya hapo. Kelele zako kwenye chaneli 16, ile ya kuombea msaada, zitasikika tu kama kuna meli au boti nyingine jirani.

Kwa hiyo, ukiniuliza fedha yako uitumie wapi, sitakutajia rili mpya. Kitu cha kwanza ni jaketi la kuokolea maisha kwa kila mtu, la saizi yake, lililovaliwa na si lililofungiwa kwenye sanduku la omo, yaani mbele ya boti. Cha pili ni kifaa cha dharura cha setilaiti cha masafa ya 406 MHz, kilichosajiliwa kwa jina lako, kwa kuwa hicho hakihitaji mtu wa karibu akusikie. Kisha redio ya VHF ya kufungwa botini yenye nguvu ya wati 25, na ya mkononi ya akiba. Kamba ya kuzimia mashine ifungwe mguuni kwa nahodha safari nzima, maana boti iendayo bila mtu huzunguka na kumrudia aliyeanguka. Ongeza mashine ndogo ya pili yenye tangi lake, nanga ya kuelea ya kitambaa itakayoielekeza omo kwenye wimbi mashine ikizima, ndoo ya kutolea maji botini hata kama una pampu, taa, kioo cha kuakisi jua, na maji ya kunywa ya siku mbili. Koleo kubwa la kukatia ndoana liwe karibu na mkono. Kolekole mwenye chambo cha ndoana za pande tatu mdomoni, akipiga kichwa kwenye boti finyu, hushona viganja vya watu, na ndoana iliyozama karibu na jicho, kiungo au mshipa wa damu haing'olewi baharini. Ikatwe nje, ifungwe, na mtu apelekwe hospitali.

Hata ukiwa na hivyo vyote, boti yako inabaki kuwa boti ya Kimbiji, na Kimbiji si adhabu. Maji ya kina yako karibu na pwani, samaki ulishampata huko, na ukipata shida uko ndani ya masafa ya redio. Vua huko asubuhi za malelezi, ule utulivu wa kati ya kusi na kaskazi, na za kaskazi tulivu, soma utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kila safari, na mwachie mtu wa nchi kavu karatasi yenye njia yako na saa ambayo akiona hujarudi apige simu kituo cha utafutaji na uokoaji cha TASAC, yaani Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Ukitaka Fungu Mbaraka kwa lazima, changeni watu wanne mkodi chombo kikubwa chenye mashine mbili na nahodha anayepafahamu kule. Mkigawana gharama, kila mmoja atalipa kidogo kuliko bei ya rili niliyokukataza.

Kuna mambo mawili ambayo siwezi kuyaamua kwa maandishi. Uzito ambao faiba yako inaweza kubeba na hali ya ubao unaobeba mashine kwenye tezi, yaani nyuma ya boti, vinahitaji fundi wa boti aigongegonge kwa mkono, hasa ukiongeza mashine ya pili, kwa sababu ubao uliooza ndani hauonekani kwa nje. Na ukaguzi wa usalama wa chombo ni wa TASAC. Peleka boti ikakaguliwe hata kama hakuna aliyewahi kukuuliza cheti.

Ile mizani usiitupe. Chukua ndoo unayoijua uzito, itie lita 20 kamili za maji ya bomba, ambazo ni kilo 20, kisha itundike kwenye tawi la mwembe jioni hii na usubiri mshale utulie. Ikisoma 30 ukitoa ndoo, utakuwa umejua na kilo 47 zilitoka wapi.